Mwanzo wa Kumzuia Patient

Jumatano, wanafunzi walipokwisha kutoka, Patient aliingia darasani kwangu, akakaa kwenye dawati la mbele magoti yakimfika kifuani, akaniambia kwamba Jumatatu anarudi Kongo.

"Minarudia ku nyumba, Dada Anno," alisema. "Nitapitia Kikagate, niingie Tanzania mupaka Kigoma, kisha nipande mashua ya Baraka. Kutoka Baraka ni miguu tu."

Mbele yangu palikuwa na madaftari mia moja na kumi na mawili ya kusahihisha, na koo lilikuwa limenikauka kwa vumbi la chaki. Nikamwambia kule kuna vita. Akasema anajua. Nikamwambia kwamba kati ya wale waliorudi mwaka juzi, wawili tumesikia habari zao, na si habari za kumpa mtu kabla hajala. Akasema hizo pia anazijua.

"Basi uko na nini?"

"Niko nachoka."

"Nani hachoke hapa? Miye niko nachoka tangu mwaka ya kwanza. Batu bote ba Nakivale bakirudi mu vita juu ya kuchoka, nani atabakia? Ng'ombe?"

Hakucheka. Patient asipocheka neno langu, ujue ameshaamua. Akainuka, akaniaga kwa heshima zake zote, akatoka. Mimi nikabaki pale nikalia, na siwezi kusema nililia kidogo.

Nijitambulishe, maana nimeanza na machozi kama mtu asiye na jina. Mimi ni Annonciata, mwenyeji wa Uvira, miaka arobaini na moja, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya mabati hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda. Wanaonipenda husema nina maneno makali. Wasionipenda husema hivyo hivyo. Patient si ndugu yangu wa damu. Aliingia kambini peke yake akiwa na miaka kumi na minane, akitoka milima ya Fizi, na sasa ana ishirini na tisa na kibanda cha kutengeneza simu sokoni Base Camp. Kwa miaka kumi na moja faili lake la kupelekwa nchi nyingine limekuwa likishughulikiwa. Sijui faili huwa na nini ndani hata lishughulikiwe muda wote huo. Niliposhikwa na malaria mwaka ule wa mafuriko, Patient ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, akanisema njia nzima kwa uzito wangu. Sina kaka mwingine aliye hai. Yeye akienda kufa Fizi, nani atanisema?

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumzuilia, nacho ni mchezo.

Mchezo wenyewe ulitoka Mbarara, kwa Hudu. Hudu ana duka la fotokopi upande wa Nyamitanga, ukishavuka daraja la Rwizi, na mimi humpelekea mitihani yangu aipige chapa. Miaka mitatu iliyopita kuna mwanafunzi aliagiza kurasa mia mbili za maandishi, akaondoka asirudi tena kuzichukua. Hudu hawezi kutupa karatasi. Alizisoma zote kwa kukosa kazi, asielewe, akaniita mimi mwalimu nimfafanulie. Kumbe zilikuwa kanuni za mchezo wa mezani unaochezwa kwa mdomo. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni, yenye falme na majoka na wachawi. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo, na anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, bahati huamua. Maandishi yalitaka kete yenye pande ishirini, ambayo hatujawahi kuiona kwa macho, basi sisi tuliandika namba kwenye vizibo ishirini vya soda tukavitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Ukitoa kizibo cha namba kubwa, umefaulu. Ukitoa moja, Mungu akusaidie.

Msimulizi ni mimi. Wachezaji ni wanne: Hudu, ambaye mtu wake ni mchawi mzee aitwaye Sultani Faru, dada yake Saudah, anayecheza mwizi, ingawa yeye mwenyewe hawezi hata kuficha kicheko, Bénédicte, muuza sombe, yaani kisamvu, wa hapa Nakivale, aliyekuja mara ya kwanza kutuombea tuache uchawi, akabaki, na sasa mtu wake ni mganga, na Patient, ambaye mtu wake ni mbeba ngao mwenye mabega mapana anayeitwa Mukunga. Jumamosi moja tunacheza dukani kwa Hudu, nyingine Hudu anampakia dada yake kwenye pikipiki wanakuja darasani kwangu. Joka letu la kwanza lilituchukua miezi kumi na minne, likafa mwezi uliopita. Sasa ilibidi nianze hadithi mpya, na Jumamosi hii ndiyo ilikuwa siku yake.

Nilimjua Patient. Hawezi kuacha hadithi katikati. Kuna siku alitoka Juru, upande mwingine wa kambi, kwa miguu, mvua inanyesha, homa inamchoma, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimefunga mchezo mbele ya mlango na hakujua nyuma yake kuna nini. Maandishi ya Hudu yalisema kila hadithi inahitaji mwanzo wenye ndoano ndani yake, kitu cha kumshika mchezaji asiweze kukaa mbali. Nikasema sawa. Nitatunga mwanzo ambao utamshika huyu mtu mpaka Jumamosi ya pili, na ile ya pili itamshika mpaka ya tatu, na hivyo hivyo mpaka vita viishe au faili litoke. Usicheke. Sikuwa na kingine.

Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda Mbarara na mitihani. Safari ile hunimaliza. Nilifika mgongo unauma, nikakuta Hudu anapulizia mashine yake iliyokwama karatasi, Saudah anakata picha za pasipoti. Nikawaeleza mambo ya Patient. Saudah aliweka mkasi chini.

"Banange. Jumatatu hii?"

"Hii hii. Nataka mwanzo. Mwanzo wa kumfunga miguu."

Hudu akafunga mlango wa duka nusu, ndiyo ishara yake ya kusema hapokei kazi ndogo. Nikatoa daftari langu.

"Wa kwanza. Adui wameteketeza kijiji, ninyi mmenusurika, mnataka kisasi."

Saudah akachukua tena mkasi wake. Hata mimi niliposoma kwa sauti nilijiona mpumbavu. Maandishi yanaupenda sana mwanzo huo, nadhani mwenye kuyaandika alikulia mahali pazuri. Bénédicte angeinuka akatoka nje, na mimi ningemfuata.

"Wa pili. Mko hotelini mnakula. Mgeni anakaa mezani kwenu, anasema ana kazi ya mbali yenye malipo mazuri."

"Bambi, hiyo hapana," alisema Saudah. "Mutu hajui wewe, anakuja anasema iko na kazi mbali, malipo mazuri? Hivyo ndiyo walichukua Zakiah ya jirani yetu mpaka Uarabuni. Mimi nakimbia kabla yeye hajamaliza chai."

"Wa tatu. Mfalme anawaandikia barua, mje kwake."

"Watu ya kambi iko nangoja barua miaka kumi," alisema Hudu. "Wewe nataka wacheze kungoja?"

Nikafuta. Wa nne sikuusoma, kwa sababu wa nne tulishaujaribu. Ndio mwanzo tulioanza nao mara ya kwanza kabisa, miaka mitatu nyuma. Wasafiri wanafika kwenye lango la mji, mlinzi anawauliza, mnatoka wapi na kwa nini mmekuja? Mimi nilitaka wabuni: natoka nchi ya theluji, nimemkimbia mchumba mbaya, chochote. Patient alikaa wima, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza: jina langu, jina la baba, jina la mama, kijiji, eneo la chifu, tarehe, saa, tulikuwa watu wangapi. Zamu ya Bénédicte ilipofika, naye akafanya hivyo hivyo, na akamwomba mlinzi msamaha kwamba cheti cha kubatizwa kiliungua. Hakuna aliyekosea hata tarehe. Sisi tumefundishwa na mahojiano ya ofisi ya wakimbizi kwamba ukibadili neno moja faili lako linakufa, kwa hiyo hatubadili, hata mbele ya mlinzi wa uongo. Hudu na Saudah walikuwa hawajui watazame wapi.

Nilifunga daftari, nikaegemeza kichwa kwenye ukuta. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisikia mashine ya Hudu inanguruma hata ilipokuwa imezimwa.

"Madamu, mimi naeza sema kitu?" aliuliza Hudu. "Usikasirike."

"Nikikasirika utajua."

"Mchezo yako yote ni ya watu ya barabara. Watu iko natoka, iko napita, iko nalala msituni. Mimi sijawahi kimbia. Mimi nazaliwa hapa, baba yangu nazikwa hapa. Mara moja tu, nataka Sultani Faru awe na nyumba. Aamke asubuhi akiwa kwake."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na jibu tayari, kali, juu ya watu wasiojua kukimbia ni nini. Kisha nikaona kwamba lile ndilo jambo lenyewe. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuanza hadithi akiwa nyumbani.

Njiani kurudi, tangu Masha mpaka kambini, niliandika nimeweka daftari juu ya goti. Mpango wangu ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza nyumba, nusu saa tu, waipende. Halafu jioni, watu wameshatulia, Mukunga anakwenda kuteka maji chemchemini, anakuta chemchemi imekauka, na chini kwenye tope kuna unyayo wa mguu mkubwa kuliko mlango. Hapo nafunga daftari. Tuonane Jumamosi ijayo. Ningemwona Patient anavyoshika kichwa, ananiita mwanamke mbaya, anaahirisha safari. Nilicheka peke yangu ndani ya taksi, mama mmoja mwenye kuku akasogea mbali nami.

Nyumba nilihitaji kuipata mahali, na mimi nyumba ya Uvira sipendi kuifikiria. Nikachukua ya Patient. Miaka kumi na moja amekuwa akinidondoshea vipande: ngazi tatu za mawe alizoziweka baba yake, kinu cha kukamulia mawese ambacho majirani wote walikitumia kwa zamu, mbuzi mmoja aliyekuwa na tabia ya kuingia kanisani. Nikavikusanya vyote. Sikuona ubaya. Mtu akitaka kumzuia ndugu yake, anatumia kilicho karibu.

Jumamosi walikuja wote saa nane mchana. Hudu alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Bénédicte alileta bukari, ugali wetu, na sombe, kwa sababu alikuwa amesikia na kwake yeye mtu anayesafiri lazima alishwe, akubali asikubali. Hakuna aliyemtajia Patient safari. Tulisogeza madawati manne pamoja, nikaweka mkebe wa vizibo katikati, nikasoma.

"Ni asubuhi, na hakuna aliyekuamsha. Mvua ilinyesha jana, imekwisha. Uko katika nyumba ambayo baba yako aliijenga. Nje, jirani anacheka, na moshi wa jikoni kwake unanukia mawese. Leo hujaitwa na mtu yeyote. Unafanya nini?"

Hudu akamtazama Saudah. Nilidhani nimeharibu.

"Minalala tena," alisema Bénédicte taratibu. "Inawezekana?"

"Inawezekana."

"Basi minalala tena kidogo." Na akafumba macho, pale pale kwenye dawati, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akatabasamu.

Zamu ikawa ya Patient. Nikamgeukia. "Mukunga, umeamka. Unafungua mlango, unashuka ngazi tatu za mawe, mbele yako barabara…"

"Hapana," alisema. "Mulango haiangalie barabara. Inaangalia ziwa."

"Ziwa, basi."

"Na ngazi ya katikati inacheza. Batu bote banaijua, banairuka. Bageni tu njo banaanguka."

Akainuka, akaenda ubaoni, akachukua chaki yangu. Akachora mlima. Akachora nyumba, akachora chemchemi, kinu, kanisa, njia ya kwenda mashambani, na kila mahali akataja nani anakaa. Hapa Nehemiya, anajua kupiga ngoma lakini hajui kuacha. Hapa mama Godeberthe, ukipita bila kusalimia anakufuata na mwiko. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka kuliko mdomo. Miaka kumi na moja nimemfahamu, sikuwahi kumsikia anataja majina yale bila kutaja pia jinsi wenyewe walivyokufa. Siku ile hakutaja kifo cha mtu.

Wengine walimfuata. Bénédicte aliomba kiwanja karibu na chemchemi, Patient akampimia kwa vidole. Hudu akadai msikiti, maana Sultani Faru ataswali wapi, na Bénédicte akamwambia sawa, lakini mbali na kanisa, kwa sababu yule mbuzi atachanganyikiwa. Saudah alilalamika kwamba mwizi wake hana kazi: kila nyumba anayoingia kuiba wanamkalisha wanampa chakula. Mbuzi alikuwa na mimba. Je, atazaa mapacha? Patient alitia mkono kwenye mkebe, akatoa kizibo, kumi na saba, wakapiga kelele mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia. Tuliua joka mwezi uliopita, na hawakushangilia hivyo.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja. Hudu alikuwa anatazama jua, maana barabara ile si ya kuendesha gizani. Wakati wangu ulikuwa umefika. Nikasema, "Mukunga, mtungi umeisha maji. Unashuka chemchemini."

"Minashuka," alisema Patient. Alikuwa bado amesimama ubaoni, chaki imempaka mpaka shavuni. "Maji iko namna gani?"

Wote wanne walinitazama. Daftarini mbele yangu palikuwa pameandikwa: imekauka. Neno moja tu, na ndoano yote ilikuwa humo. Nikafungua mdomo.

"Baridi," nikasema. "Inatoka safi. Imejaa."

Nilishindwa. Ndiyo hivyo. Nilimwona uso wake, nikashindwa kumharibia maji. Na mara ile ile akili yangu ya kujipendelea ikaanza kunipangia maneno: hivi ni vizuri zaidi, Annonciata. Mtu atakimbiaje mahali pazuri hivi? Hadithi yenye hatari humshika mtu siku saba, lakini hadithi yenye nyumba itamshika maisha yake yote. Wakati wa kuagana Patient alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, dada. Kweli kweli, asante."

Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Jumapili kanisani niliimba kwa sauti kubwa hata padri akageuka. Nilimwambia Bénédicte: amebaki. Akaniuliza, alikuambia? Nikasema hahitaji kuniambia.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nafagia darasa. Alikuja na begi moja mgongoni na viatu vya mtu mwingine, vizuri kuliko vyake. Niliyaona yale mabega mlangoni nikajua, ufagio ukaniwia mzito.

"Ulisema asante," nikamwambia. Ndiyo maneno ya kijinga niliyoyapata.

"Nilisema asante juu ya kile ulinipa."

"Miye nilikupa ile kitu ubakie!"

Akavua begi, akakaa kwenye dawati lile lile la Jumatano. Alikuwa hana haraka, na uso wake ulikuwa umepumzika, na hilo liliniuma kuliko begi.

"Dada, sikiliza. Miaka kumi na moja, mu kichwa yangu nilikuwa naona tu moto. Hata ku biro, banaulizia tu moto. Ilianza saa ngapi, balikuja batu ngapi, ulikuwa umesimama fasi gani. Nikasema mara mingi mpaka nikafikiri kwetu ni ile tu. Siku ya tatu, ile nilikuja kukuambia, nilikuwa naenda juu ya kuchoka. Nilikuwa naenda kufa, kama unataka kweli. Sasa posho, siku ya muchezo, ukaniuliza mulango, nikaona mulango. Nikaona bajirani. Kumbe fasi yangu iko. Sasa minaenda juu ya kuipenda."

Nikamtukana. Siandiki nilichosema, wanafunzi wangu wakubwa wanajua kusoma. Nikamwambia hakuna mlango, hakuna ngazi, hakuna jirani, vyote mimi ndiye niliyevitengeneza kwa mdomo ndani ya taksi, kwamba Nehemiya hapigi ngoma yoyote, na yeye anajua.

"Najua," akasema. "Nitajenga ingine. Mawe hayaungue."

  Nilimpa bukari iliyobaki, nikaifunga kwenye jani la mgomba, nikamsindikiza mpaka kwenye taksi ya Isingiro. Hakugeuka nyuma. Nilirudi nikafundisha kutoa kwa kukopa, nikakosea mfano ubaoni mara mbili, watoto wakanisahihisha.

Usiniambie alikuwa anakwenda kwa vyovyote vile. Bénédicte ameniambia, Saudah ameniambia. Inawezekana. Lakini mtu anayekwenda kwa kuchoka hukaa njiani, huahirisha, hukosa gari, hurudi kwa aibu nasi tunajifanya hatukuona. Nilikuwa na siku hizo zote mkononi. Mimi nilimpa mtu sababu ya kutembea haraka.

Jumanne alipiga simu kutoka ng'ambo ya Kikagate, akisema chai ya Tanzania ina sukari nyingi. Ijumaa ulikuja ujumbe kutoka Kigoma: mashua ni kesho. Baada ya hapo, nikipiga, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia nijaribu tena baadaye. Nimejaribu. Najaribu asubuhi kabla ya shule, mchana watoto wakila, na jioni. Redio inataja Fizi, kisha inataja mpira.

Jumamosi mbili hatukucheza. Ya tatu Hudu alitupigia, akasema chai ipo na duka amelifunga, tuje tu tukae. Tukaenda, mimi na Bénédicte. Tulikaa wanne kati ya mashine na maboksi ya karatasi. Saudah alikuwa ameweka viti vitano kwa mazoea, na hakuna aliyekiondoa kimoja.

"Madamu," alisema Hudu kwa upole, "kijiji iko namna gani? Nini natokea leo?"

Daftari lilikuwa mkobani. Chemchemi iliyokauka ilikuwa humo, na unyayo kwenye tope, na nyuma yake kurasa kumi na mbili za mambo ya kutisha niliyoyatunga wakati nilipokuwa na nguvu. Hadithi isiyo na hatari si hadithi, maandishi yale yanasema hivyo, na Hudu anapenda mazimwi kuliko chakula. Sikulitoa.

"Hakuna kinachotokea," nikasema. "Mvua inanyesha kidogo. Watu wako nyumbani."

Hudu alitaka kusema kitu, Saudah akamkanyaga mguu chini ya meza.  Saudah akasema mwizi wake anamenya mihogo. Hudu akasema Sultani Faru anashona kanzu iliyochanika. Mvua tuliinyesha saa nzima, na mimi nikawa naieleza, jinsi inavyopiga majani na jinsi inavyokwisha.

Kisha Bénédicte akajisogeza mbele. "Miye nitatoka," alisema. "Nitapanda mupaka kwa Mukunga, nimusalimie. Ngoja nione kama yuko."

Na akatia mkono kwenye mkebe kutafuta kizibo, kama tunavyofanya siku zote jambo likiwa na shaka.

Niliushika mkono wake humo humo ndani.

"Usitoe," nikasema. "Yuko."